Nani Aitwe Masikini? Habari za Kupima Umasikini na Utajiri wa Mataifa

Mama mwenye akili akienda sokoni kununua unga, hatazami unga tu. Kwanza anatazama kopo la mwuzaji. Kama kitako cha kopo kimebonyezwa kuingia ndani, unga utaonekana umejaa mpaka juu, kumbe umepunguka. Basi leo nataka tutazame pamoja kopo moja kubwa sana, ambalo wakubwa wa dunia wanalitumia kupima umasikini wa watu. Katika redio tunasikia ya kuwa uchumi wa nchi fulani umekua, na ya kuwa masikini wa dunia wamepungua, au wameongezeka, kwa mamilioni. Ni nani aliyewahesabu? Aliwahesabu kwa namna gani? Na je, utajiri wa nchi ukikua, masikini wanapona?

Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita mtaa wetu ulipata magunia ya unga ya kuwagawia wasiojiweza. Wazee wakanichagua mimi niandike majina, kwa sababu kalamu ndiyo kazi yangu. Tulipatana kanuni moja nyepesi: mwenye nyumba ya nyasi aandikwe, mwenye nyumba ya bati aachwe. Nikazunguka mtaa mzima kwa siku moja, nikifuata mapaa kwa macho. Palikuwa na mjane mmoja mwenye nyumba ya bati, aliyoachiwa na marehemu mume wake, mfanya kazi wa mgodi. Nilipita mbele ya mlango wake bila kuingia. Baada ya majuma manne mtoto wake alianguka chini darasani mwangu. Nilipompeleka nyumbani, ndipo nilipoingia ndani kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na kitanda, hapakuwa na sufuria; vyote vimekwisha kuuzwa. Walikuwa wanakula mara moja kwa siku mbili. Bati lilikuwa juu, njaa ilikuwa chini yake. Na unga wote ulikuwa umekwisha gawiwa.

Tangu siku ile nimependa kujua jinsi wengine walivyofanya kazi hii ya kuwahesabu masikini, na makosa yao pia. Nitawasimulia kwa ufupi.

Milango ya York

Tuanze katika nchi ya Uingereza, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Wakati ule Uingereza ilikuwa tajiri kupita kiasi. Merikebu zake zilijaa bahari zote, viwanda vyake viliuza nguo na chuma dunia nzima. Watu wengi wenye mali waliamini ya kuwa masikini waliobaki ni wavivu na walevi tu. Lakini katika mji wa London bwana mmoja, Charles Booth, mwenye kampani ya merikebu, alianza mwaka 1886 kuchunguza mitaa kwa mitaa. Akaona ya kuwa watu karibu 30 katika 100 walikuwa masikini.

Wengine walisema: «London ni mji mkubwa mno, una mambo yake, miji mingine haiko hivi.» Ndipo alipoinuka Benjamin Seebohm Rowntree, kijana wa ukoo wa watengenezaji wa chokoleti katika mji wa York. Mwaka 1899 alituma watu kubisha hodi katika nyumba za wafanya kazi za mji huo. Walizifikia jamaa 11,560, yaani watu 46,754. Waliuliza: Mko wangapi? Nani anafanya kazi, na wapi? Vyumba ni vingapi? Kodi ni kiasi gani?

Kiisha Rowntree alifanya jambo ambalo limebaki mpaka leo. Alipiga hesabu ya vitu ambavyo mtu hawezi kukosa akabaki na nguvu za mwili: chakula, kodi ya nyumba, nguo, makaa ya moto. Kwa baba, mama na watoto watatu, alipata shilingi 21 na peni 8 kwa juma. Huo ndio mstari wake wa umasikini. Aliye chini ya mstari huo hana namna ya kushiba, hata akiwa hodari namna gani kutunza fedha. Hesabu yenyewe ilikuwa kali mno. Haikuacha hata peni moja ya kununua gazeti, wala stempu ya kumwandikia barua mtoto aliye mbali, wala nauli ya gari la moshi.

Alipomaliza, ilionekana ya kuwa watu 20,302 wa York walikuwa katika umasikini, yaani karibu 28 katika 100 wa mji mzima. Na je, ulevi ndio uliowaangusha? Rowntree hakukana ya kuwa wako waliopoteza mshahara wao vibaya. Lakini alipotazama wale ambao mapato yao hayakufika hata kwenye mstari wenyewe, aliona ya kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa katika jamaa ambayo baba yuko kazini kila siku. Kosa lilikuwa mshahara mdogo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1901, na wakubwa wa serikali walikisoma wakashangaa.

Sasa tazameni jambo la pili. Rowntree alirudi York mwaka 1936. Kwa mstari wake wa zamani, wale wa chini kabisa walikuwa wamepungua kupita nusu: kutoka 15 katika 100 wa jamaa za wafanya kazi hadi karibu 7. Lakini yeye mwenyewe aliona ya kuwa mstari wa zamani ulikuwa wa kumlisha mtu kama mnyama wa kazi. Akachora mwingine ulio juu zaidi, wenye nafasi ya gazeti, ya redio, ya zawadi ndogo kwa watoto. Kwa mstari huo mpya, 31 katika 100 wa wafanya kazi walikuwa masikini. Mji ni ule ule, mwaka ni ule ule, mtu aliyehesabu ni yule yule. Hesabu ni mbili. Je, alisema uongo? Hapana. Alibadili kopo, naye aliwaambia watu wazi ya kuwa amelibadili. Hiyo ndiyo heshima yake.

Alirudi tena mwaka 1950. Safari hii alipata chini ya 3 katika 100 wa wafanya kazi. Wataalamu waliopitia karatasi zake baadaye walisema umasikini uliobaki ulikuwa mkubwa kuliko alivyoandika, lakini hawakukana ya kuwa ulishuka sana. Sababu yake? Kazi zilikuwa nyingi na mishahara imepanda. Huo ni ukuaji wa uchumi. Lakini pia, baada ya vita vya 1939-1945, serikali ilianza kuwalipia wazazi posho ya watoto, na kuongeza msaada wa bima kwa wazee na wagonjwa. Mali ilikua, kisha ikagawiwa. Tuyashike yote mawili.

Hesabu ya ofisini

Namna ya pili ya kupima ilizaliwa Marekani. Mwaka 1929 biashara ilianguka kule, viwanda vikafungwa, watu kwa mamilioni wakakosa kazi. Serikali ilijua ya kuwa mambo ni mabaya, lakini haikujua ni mabaya kiasi gani. Basi wakubwa wa Baraza la Seneti wakataka hesabu ya mali yote ambayo nchi inaipata kwa mwaka. Kazi ikapewa Simon Kuznets, mtu aliyezaliwa Pinsk, katika dola ya Urusi ya zamani, akahamia Marekani mwaka 1922. Mwaka 1934 alitoa kitabu chake, kikionyesha ya kuwa pato la taifa lilikuwa limeanguka karibu nusu kwa miaka mitatu tu.

Hapo ndipo serikali zilipojifunza kuhesabu pato la taifa, na hesabu ya namna hiyo ndiyo inayotangazwa leo wakisema uchumi umekua 5 au 6 kwa mia. Lakini Kuznets mwenyewe, katika kitabu kile kile, aliwaonya wakubwa wasidhani ya kuwa hesabu hiyo inaonyesha hali njema ya watu. Haisemi nani amepata nini, wala haisemi mtu ametoka jasho kiasi gani kuipata. Mama anayepika na kulea watoto hamo. Muhogo wa shambani mwako, unaochimba na kula bila kuuza, unaingia kwa kukisiwa tu.

Mwaka 1955 Kuznets aliongeza fikara nyingine: labda nchi ikianza kutajirika, tofauti kati ya tajiri na masikini inaongezeka kwanza, halafu inapungua. Kwa uaminifu alikiri ya kuwa katika neno hilo habari za hakika zilikuwa 5 kwa mia, na 95 ni kukisia. Lakini wengi walisahau ungamo lake wakashika kukisia kwake. Wakawaambia masikini: «Ngojeni tu, uchumi ukue, zamu yenu itafika.»

Tena, hesabu ya ofisini inaweza kuruka kwa siku moja. Mwaka 2014 nchi ya Nigeria ilirekebisha namna yake ya kuhesabu, maana ilikuwa ingali inapima kwa mfano wa uchumi wa mwaka 1990, kabla ya simu za mkononi kuenea. Pato la mwaka 2013 likaongezeka kwa 89 kwa mia. Nigeria ikaipita Afrika ya Kusini, ikaitwa ya kwanza kwa uchumi katika Afrika. Lakini mtu aliyelala na njaa usiku ule aliamka na njaa yake asubuhi.

Dola moja kwa siku

Basi, nani alianza kuwahesabu masikini wa dunia nzima kwa kopo moja? Ni Banki ya Dunia. Mwaka 1990 wataalamu wake, na kati yao Martin Ravallion, walikusanya mistari ya umasikini ambayo nchi masikini zilijichorea zenyewe. Wakaona ya kuwa mingi inakaribia dola 370 kwa mwaka, yaani kama dola moja kwa siku. Neno hilo likaenea upesi, kwa sababu kila mtu alilielewa.

Lakini dola ya hesabu hii siyo dola ya mbadilishaji fedha wa njiani. Dola moja ikigeuzwa faranga, hapa kwetu itanunua zaidi kuliko itakavyonunua Chicago, maana kwetu kinyozi na mshonaji wanalipwa kidogo. Kwa hiyo wataalamu wanakusanya bei za vitu katika nchi nyingi, wakilinganisha fedha hii inanunua nini na ile inanunua nini. Kila wanapokusanya bei mpya, mstari unasogezwa: mwaka 2008 dola 1.25, mwaka 2015 dola 1.90, mwaka 2022 dola 2.15, mwaka 2025 dola 3.00.

Mstari ukisogea, watu wanahama katika karatasi. Hesabu ya kwanza ilisema ya kuwa mwaka 2004 masikini wa dunia walikuwa milioni 985. Zilipokuja bei mpya mwaka 2008, ikasemwa ya kuwa mwaka 2005 walikuwa milioni 1,400. Na mwaka 2025, hesabu ya masikini wa mwaka 2022 ilipanda kutoka milioni 713 hadi milioni 838. Watu milioni 125, zaidi ya wenyeji wote wa Kongo yetu, waliingia umasikinini bila mmoja wao kupoteza hata kuku.

Labda mtu atasema: «Basi hesabu hizi ni bure.» La, ndugu yangu. Mtu mwenye homa hapaswi kuvunja kipima-homa. Kwa kipimo kimoja kisichobadilishwa katikati ya safari, tunaona njia ambayo watu wameipita. Lakini tuulize kila mara: mstari gani, bei za mwaka gani, na nani aliyeulizwa?

Kuuliza nako kuna mitego yake. Katika India ilikuwa desturi kuwauliza watu: «Kwa siku 30 zilizopita mmekula nini?» Mwishoni mwa karne ya 20 walijaribu kuwauliza baadhi yao juu ya siku 7 tu. Kwa siku 7 mtu anakumbuka vyakula vingi zaidi. Basi hesabu ya masikini ikashuka karibu nusu, kwa kubadili swali moja. Angus Deaton, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliandika sana juu ya jambo hili. Na tukumbuke ya kuwa karani anabisha hodi mlangoni. Aliyekimbia vita akalala katika kambi, na mtoto anayelala njiani, hawana mlango wa kubishwa. Tena ndani ya nyumba moja baba anaweza kushiba, na watoto wakala ukoko.

Utajiri ukikua, masikini wanapona?

Sasa tufikie swali letu kubwa. Nchi ya Uchina inajibu: ndiyo, inawezekana. Mwaka 1981, kwa mstari wa dola 1.90, watu 88 katika 100 kule walikuwa masikini. Mwaka 2015 hakubaki hata 1 katika 100. Tangu dunia iumbwe haijaonekana hesabu kubwa namna hiyo. Lakini ilianzia wapi? Ilianzia mashambani. Baada ya mwaka 1978 jamaa za wakulima ziliruhusiwa kulima kila mmoja sehemu yake, na kuuza kilichozidi baada ya kutoa sehemu ya serikali. Bei ya mazao ikapandishwa. Wakulima walikuwa na ardhi ya kulima, na wengi walikuwa wamesoma. Ukuaji uliwakuta mahali walipokuwa, jembe mkononi, viwanda vilifuata.

Guinea ya Ikweta inajibu namna nyingine. Katika miaka ya 1990 mafuta yalipatikana chini ya bahari yake. Pato la taifa, likigawanywa kwa vichwa, likafanana na la nchi za Ulaya. Lakini nyumba zilipochunguzwa mwaka 2006, zaidi ya nusu ya watu walikuwa bado chini ya mstari wa umasikini wa nchi yao wenyewe. Mafuta hayahitaji mikono mingi. Fedha yake inapita kwa wachache, na wachache wasipoifungua mikono, haifiki kijijini.

Na sisi? Kampani ya serikali ya shaba, Gécamines, ilitoa tani zaidi ya 470,000 mwaka 1986, kiisha ikaanguka vibaya. Baadaye kampani nyingine zikaja. Mwaka 2014 shaba ya Kongo ilipita tani milioni 1, na mwaka 2022 ikapita tani milioni 2. Mwaka 2014 uchumi wetu ulikua zaidi ya 9 kwa mia, ambao ni mwendo wa mbio. Lakini nyumba zilisemaje? Katika uchunguzi wa miaka 2004-2005 karibu watu 7 katika 10 walikuwa masikini kwa mstari wa nchi. Katika uchunguzi wa mwaka 2012 walikuwa zaidi kidogo ya 6 katika 10. Sehemu yao ilipungua kidogo, lakini kwa kuwa tunazaa na kuongezeka, hesabu ya watu wenyewe haikupungua. Lori la shaba linapita barabarani. Anayeuza muhogo kando ya barabara anabaki na vumbi lake.

Tena kwetu liko tatizo lililo chini ya matatizo yote hayo. Hesabu ya watu wote wa nchi ilifanyika mwaka 1984. Miaka 40 ikapita bila nyingine. Ukisikia ya kuwa Kongo ina watu milioni kadha wa kadha, ujue ya kuwa ni kukisia kulikojengwa juu ya hesabu ya wakati wa babu. Asiyejua wako watoto wangapi atajuaje ni wangapi hawana chakula?

Tuingie ndani

Mwaka 2010 wataalamu wa chuo cha Oxford pamoja na Umoja wa Mataifa walileta kipimo kingine kisichoanza na fedha. Kinauliza mambo 10 juu ya jamaa: Je, kuna mtoto aliyekufa? Kuna mwenye utapiamlo? Watoto wanasoma? Maji safi yako karibu? Mnapikia nini? Choo kiko? Mtu anayekosa sehemu moja katika tatu ya hayo anahesabiwa kuwa masikini. Hata kopo hilo lina kasoro, maana haliulizi hofu wala upweke. Lakini linamlazimisha anayepima kuingia ndani ya nyumba.

Ndugu wasomaji, katika habari hizi zote naona neno moja. Hesabu ya utajiri inafanyika ofisini, na hesabu ya umasikini inafanyika mlangoni. Zote mbili zinatakiwa, lakini ya kwanza haiwezi kujibu mahali pa ya pili. Anayekuambia «uchumi umekua», mpe heko, kiisha umwulize: «Mlibisha hodi kwa nani?» Na anayekuambia «masikini wamepungua», mwulize kwa kopo gani, na kama ni lile lile la mwaka jana.

Na siku makarani wa serikali watakapofika mtaani mwako na karatasi zao, usiwafukuze, wala usiwafiche watoto, wala usipunguze au kuzidisha mali yako kwa kutumaini msaada. Jibu kweli. Anayedanganya kipimo anamwibia jirani yake asiyeonekana.

Yule mjane tulimsaidia baadaye kwa michango ya majirani, na mtoto wake alirudi darasani. Lakini mwaka ule wa masomo ulikuwa umekwisha mpotea, na mwaka wa mtoto haununuliki. Mwaka uliofuata magunia yalifika tena. Wazee wakanipa tena kalamu. Nilitumia siku tisa badala ya moja, maana sikutazama tena mapaa. Nilibisha hodi katika kila nyumba, nikaketi, nikauliza: «Jana mmekula nini?»